Nani Anamlipa Mpiga Besi?

Najua nilipotea. Test nne ziliwekwa wiki moja kana kwamba walimu walikaa kikao cha kutukomoa, halafu na maandalizi ya TP yakaingia hapo hapo. Leo nimepumua. Kuna jambo limekaa kichwani kwangu wiki tatu sasa, na si la darasani. Ni refu kidogo, kwa hiyo kama una desa la kusoma, maliza kwanza halafu urudi.

Nataka tuongelee muziki wa bendi. Ule wa watu kuchomeka nyaya jukwaani na kutoka jasho mbele ya macho yako, sio wa DJ na flashi.

Nina mshikaji wangu, tunasoma naye Elimu hapa UDOM. Mimi Kiswahili na Historia, yeye Kiswahili na Jiografia. Jina lake silitaji, wenye kumjua wameshamjua. Mkopo aliopewa na Bodi haufiki hata nusu ya mahitaji, na mama yake kule Mpwapwa anauza karanga. Jamaa anaishi kwa besi. Alijifunza kwenye kwaya ya kanisani, na tangu mwaka wa kwanza anapiga na bendi moja ya watu saba kwenye ukumbi mmoja wa zamani pale mjini kati, mwendo mfupi tu kwa mguu kutoka Jamatini. Ijumaa na Jumamosi, elfu ishirini kwa usiku. Piga hesabu: elfu arobaini kwa wiki. Chumba cha mtaani analipa, msosi anapata, na madesa anatoa kopi. Boom likichelewa sisi tunalia, yeye anapiga mluzi.

Basi bwana, mwezi uliopita mwenye ukumbi akaleta mashine za dubwi. Sita, zimepangwa ukutani upande ule watu walikokuwa wanachezea rumba. Jukwaa likasogezwa pembeni, karibu na korido ya kwenda chooni. Halafu akaita bendi nzima na kuwaambia kuanzia sasa ni Ijumaa peke yake, elfu kumi na tano, na watu wanne wanatosha, wengine wapumzike. Walipolalamika akasema maneno ambayo mshikaji alinisimulia tukiwa kimbweta, na ndiyo yamenifanya niandike leo. Alisema: "Wadogo zangu, hata Marekani kasino na muziki vinakwenda pamoja. Mashine zitaleta watu, na watu ndio watakaowalipa nyie."

Sasa mimi ni mtu wa Historia. Mtu akitoa hoja ya "hata Marekani," natafuta ushahidi. Nikaenda kusoma.

Na ukweli ni kwamba mzee hakudanganya yote. Las Vegas ina mtaa wa zamani katikati ya mji unaitwa Fremont. Ule ukanda wa mahoteli makubwa tunaouona kwenye sinema uko kando ya mji na ndio uliokuja kujulikana zaidi, lakini kamari ya mjini kati ilikaa Fremont. El Cortez ilifunguliwa 1941, Golden Nugget 1946, hoteli ya Fremont yenyewe 1956. Ndani ya kasino hizo kulikuwa na kumbi za maonyesho na sebule ndogo zenye jukwaa, bendi inapiga mita chache tu kutoka kwenye meza za kamari. Mwimbaji Wayne Newton alianzia pale Fremont mwishoni mwa miaka ya 1950 akiwa kijana wa shule, yeye na kaka yake, wakipanda jukwaani mara kadhaa kwa usiku mmoja. Miaka ya 1980 Golden Nugget ikamleta Frank Sinatra mwenyewe.

Unajiuliza, pesa ya kumlipa Sinatra ilitoka wapi? Hapo ndipo utamu ulipo. Kwa miaka mingi tiketi ya onyesho haikutegemewa kuleta faida. Onyesho lilikuwa chambo. Unakuja kumsikiliza mwimbaji, unakula chakula cha bei poa, na ukitoka lazima upite katikati ya mashine na meza. Pesa uliyookoa mlangoni unaiacha mezani. Aliyepoteza kwenye kamari ndiye aliyemlipa mpiga tarumbeta, bila yeye mwenyewe kujua. Mfuko ulikuwa mmoja na mwenye mfuko alikuwa mmoja, kwa hiyo alikubali mkono wa kushoto upate hasara ili wa kulia ujaze.

Lakini mdau, usikimbilie kushangilia. Kwanza, kwa miaka mingi wasanii weusi kama Nat King Cole na Sammy Davis Jr. walijaza kumbi za Las Vegas, halafu usiku wakaenda kulala upande mwingine wa mji kwa sababu hoteli hazikupokea weusi. Ubaguzi huo ulianza kuvunjwa kwa makubaliano ya mwaka 1960. Pili, chambo kinabaki kuwa chambo. Siku mvuvi akipata cha bei rahisi, anabadilisha. Mwaka 1989 mahoteli makubwa ya Las Vegas yalitaka kuondoa bendi kwenye maonyesho na kuweka muziki wa kwenye mkanda. Wanamuziki waligoma zaidi ya miezi saba, na bado mkanda ukachukua nafasi kubwa. Naambiwa leo ukienda Fremont bado kuna muziki wa bure mtaani, chini ya paa la taa lililojengwa 1995, lakini ni kasino zenyewe zilizoungana kulipia, kwa sababu zilikuwa zinakimbiwa na watu. Zingekuwa zinajaza bila muziki, sidhani kama wangechanga hata senti.

Tukirudi kwetu Afrika Mashariki, mambo ya kasino na burudani tumeyaonja kidogo. Nairobi walipata International Casino pale Museum Hill, na wazazi waliokuwa vijana miaka ya 1980 wanalikumbuka disko la Bubbles lililokuwa hapo hapo. Dar es Salaam kuna New Africa, hoteli iliyoanza enzi za Mjerumani kwa jina la Kaiserhof na baadaye ikajengwa upya na kuwekwa kasino. Ila hizo ni za watu wenye suti. Muziki wa dansi wa Tanzania haukulelewa na kasino. Ulilelewa na ajira.

Hili darasani kwetu huwa linapitwa haraka. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikapita majina ya JUWATA na OTTU mpaka tukaijua kama Msondo Ngoma. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama. Mlimani Park ilianza 1978, ikaingia mikononi mwa shirika la maendeleo la jiji la Dar es Salaam, ndiyo maana ikaitwa DDC, na mtindo wake Sikinde. Shirika la Bima lilikuwa na bendi yake, Bima Lee, na Magnet Tingisha yake. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz na mtindo wa Chakachua. Hapo jirani Iringa, kiwanda cha kuchonga almasi kilikuwa na Tancut Almasi na Fimbo Lugoda. Fikiria, kiwanda cha almasi kinanunua magitaa! Vyombo vilikuwa vya shirika, na mwanamuziki alikuwa mwajiriwa.

Katika bendi ya mshikaji wangu kuna mzee mmoja wa saksafoni, umri wa babu yangu. Nilimsalimia shikamoo, nikamuuliza zamani ilikuwaje. Akaniambia: "Marahaba mwanangu. Sisi mwisho wa mwezi tulikuwa tunasaini mshahara dirisha moja na wahasibu. Ukumbi ukiwa mtupu, mshahara upo. Kwa hiyo tulikuwa na muda wa kufanya mazoezi." Nimelifikiria sana hilo la mazoezi. Asubuhi mpaka mchana bendi iko mazoezini, usiku iko jukwaani. Sisi walimu watarajiwa tunafundishwa kwamba ujuzi unajengwa kwa kurudia. Nani leo atarudia kitu saa nne kwa siku bila kulipwa?

Na kabla hujasema mambo ya bendi ni ya watu wa pwani, kumbuka huu mkoa. Patrick Balisidya alizaliwa Mvumi, hapo hapo kusini mwa mji wetu. Afro 70 aliianzisha mwenyewe, haikuwa ya kiwanda wala ya chama. Ikaenda Lagos kwenye tamasha la FESTAC mwaka 1977, na 1979 jamaa akarekodi na Waswidi wa bendi ya Archimedes. Alifariki 2004. Hukwe Zawose, aliyezunguka dunia na ilimba na zeze, naye ni Mgogo wa huku, alifariki 2003. Kila mwaka Chamwino wanafanya tamasha la muziki wa Kigogo, na ukiwaona akina mama wanapiga muheme utajua hii ardhi kavu ina mdundo. Kwa hiyo wapigaji tunao. Swali langu liko palepale kwenye kichwa cha habari.

Miaka ya mageuzi ya uchumi mashirika mengi yakafa au yakauzwa, na bendi zikabaki kwenye bia. Nani anamlipa mpiga besi? Mnywaji. Mwenye baa anapiga hesabu ya kreti, anakata kidogo, anawapa bendi. Hapa Dodoma wenyeji watakwambia enzi hizo mji ulikuwa unachangamka kwa msimu wa Bunge: waheshimiwa wakija, bendi za Dar nazo zinapandisha, waheshimiwa wakiondoka, upepo na vumbi. Siku hizi mambo mengine. Serikali ilianza kuhamia kwa nguvu 2016, tukawa jiji 2018, treni ya umeme kutoka Dar inaingia hapa tangu 2024. Watu wapo mwaka mzima, na mishahara ipo. Kwa mantiki ya kawaida bendi zilitakiwa ziote kama uyoga.

Lakini pesa ndogo ya mjini, ile ya mia mbili mia mbili na ya elfu moja moja, imepata mtu mwingine wa kuichukua. Na hapa sisi wanachuo tusijifanye watakatifu. Boom likitoka, tembea korido za hosteli usikie: "Mwanangu, mkeka wangu umechanwa na timu moja tu!" Kila mtu anachanwa na timu moja. Nimeona mtu akila ugali na chumvi Jumatatu kwa sababu ya bao la dakika ya tisini Jumapili. Kuna watu hawajui wataongeaje na mzazi. Hilo ni zito kuliko mzaha wetu, na ipo siku nitaliandikia peke yake.

Nikarudi kwenye hoja ya mwenye ukumbi. Je, dubwi litamlipa mpiga besi kama kamari ya Fremont ilivyomlipa Sinatra? Ijumaa ile nikashuka mjini kwenda kuangalia mwenyewe.

Nilikaa kuanzia saa tatu usiku mpaka saa saba. Wanaokuja kwa ajili ya dubwi hawakai. Anaingia, anasimama, anatumbukiza sarafu, anapiga mashine kofi, anatoka. Hanunui soda. Mgongo ameupa bendi. Wengi walikuwa vijana wa bodaboda, wameacha pikipiki zinawaka nje. Na zile mashine si zote za mwenye ukumbi. Zina mwenyewe anayekuja na ufunguo, anafungua, anahesabu sarafu kwenye mfuko wa sandarusi, anamwachia mwenye ukumbi fungu lake, anaondoka na lake. Hapo ndipo nikaona tofauti. Kule Fremont mwenye kamari na mwenye jukwaa ni mtu mmoja, na muziki ulimletea wateja wa kamari. Hapa mwenye mashine hajui hata bendi ina watu wangapi, na mashine zake zinalia vizuri zaidi pakiwa kimya. Kwake mpiga besi ni kelele.

Na kelele ni za pande zote. Mashine ina kijimuziki chake cha kipuuzi, kinarudia rudia bila aibu. Katikati ya wimbo wa taratibu kinaingia, tena kwenye ufunguo tofauti. Ikafika mahali mpiga kinanda akachoka, akakiiga kile kijimuziki nota kwa nota, mzee wa saksafoni akakijibu, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata wa kwenye dubwi mmoja akageuka. Alibaki amegeuka nyimbo mbili. Mimi nikajisemea, kumbe wanasikia.

Kwenye mpira angalau mtu anaona kinachorudi. Mwaka 2017 kampuni ya SportPesa iliwadhamini Simba na Yanga zote mbili. Bajeti ya 2021/22 ikaja na utaratibu wa kupeleka asilimia 5 ya mapato ya Serikali kutoka kwenye kubashiri michezo kwenye Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Unaweza kupenda au kuchukia kamari, lakini pale kuna mtu alikaa akauliza: tunachuma kwenye mpira, mpira unapata nini? Kwenye ukumbi wetu mdogo hakuna aliyeuliza. Dubwi limekaa kwenye sakafu ya rumba, linakusanya watu waliozoea kuja kwa sababu ya rumba, na rumba haina fungu.

Mshikaji na wenzake walifanya kikao. Mpiga drams alitaka wagome. Mwimbaji alitaka wakubali wanne wabaki, na tukisema ukweli alijua yeye ni mmoja wa hao wanne. Mzee wa saksafoni akasema jambo moja tu: wamwombe mwenye ukumbi mlango. Yaani Ijumaa moja kwa wiki, bendi iweke kiingilio chake yenyewe, bia abaki nazo yeye, na mashine zizimwe sauti kuanzia saa tatu. Asilipe bendi hata shilingi. Mwenye ukumbi akacheka, akakubali. Nadhani alikubali kwa sababu alikuwa na uhakika hatakuja mtu.

Ijumaa iliyopita ndiyo ilikuwa ya kwanza. Kiingilio elfu tatu. Mimi nilikaa mlangoni na daftari, kwa hiyo hesabu hizi ni za mkono wangu. Waliolipa ni 58. Jumla 174,000. Fundi mitambo 20,000, bajaji ya vyombo kwenda na kurudi 18,000, kijana wa kusaidia mlangoni 10,000. Zikabaki 126,000. Gawanya kwa saba: elfu kumi na nane kila mtu, wote saba, hakuna aliyepumzishwa.

Ni pungufu ya elfu ishirini za zamani, na ni usiku mmoja badala ya miwili. Chumba cha mshikaji hakilipiki kwa hiyo. Ameshaniomba kuhamishia godoro chumbani kwangu mwezi ujao, tutabanana. TP ikianza atapangiwa shule ambayo haijui, pengine Kondoa, pengine mbali zaidi, na Ijumaa zake zitakuwa za kusahihisha madaftari. Anasema atatafuta mtu wa kumshikia besi ili nafasi isipotee. Nikamuuliza kwa nini asiache tu, amalize chuo, apate ajira ya ualimu. Akanitazama kama nimemtukana. "Ajira gani? Waliomaliza miaka mitatu iliyopita bado wanasubiri. Hii besi ndiyo imenifikisha mwaka wa tatu."

Sikuwa na jibu. Wewe unalo?

Ninachoona ni hiki. Zamani alilipa mfanyakazi kupitia chama chake na kiwanda chake, halafu akalipa mnywaji, kule kwa wenzetu akalipa mcheza kamari. Wote hao walikuwa na sababu nyingine ya kutoa pesa, muziki ukapata riziki pembeni. Safari hii wale watu 58 walilipia muziki wenyewe, mlangoni, wakijua wanalipia nini. Ni njia ngumu kuliko zote kwa sababu haina pa kujificha: ukipiga vibaya, wiki ijayo wanakuja 30. Lakini mwenye ukumbi aliuza bia nyingi usiku ule kuliko Ijumaa mbili zilizopita, hilo alilisema kwa mdomo wake, na mashine mbili jirani na jukwaa zimesogezwa. Zimesogezwa tu, hazijaondoka. Tusubiri.

Kiingilio elfu tatu, wadau. Ni mikeka mitatu ya elfu moja moja, na hii haichaniki. Mabinti wa hosteli za juu wameshajipanga kushuka kwa kundi ili bodaboda za kurudi zisiwe ghali, unaweza kuunga. Njoo na koti, upepo wa Dodoma mnaujua. Anayetaka kujua ukumbi ni upi anitafute chumbani au kimbweta, kwa sababu humu sitaji jina la mtu. Na mwenye wazo la shule ya TP iliyo karibu na mji, yenye nafasi ya mwalimu wa Jiografia anayejua besi, tafadhali aniambie mapema.

Nawakilisha.